Nani Amfundishe Mwalimu wa Katiba?

Hoja iliyo mezani ni hii: walimu wanaofundisha Katiba na uraia walazimishwe kupata mafunzo ya mara kwa mara kazini. Si hoja ya kutunga. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ya mwaka 2012 inamtaka kila mwalimu aliyesajiliwa ajiendeleze kitaaluma. Mwaka 2021 TSC ilizindua mpango wake wa kufanya hivyo, unaojulikana kwa ufupi kama TPD: mwalimu alipe shilingi 6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwake, asome moduli kupitia taasisi nne zilizoteuliwa, na ahuishe cheti kila baada ya miaka mitano. Vyama vya walimu vilikataa katakata.

Ndani ya ubishi huo wa ada kuna swali ambalo halijapata nafasi ya kutosha. Katiba ya Kenya ina sura 18, vifungu 264 na majedwali 6. Wananchi waliipitisha kwa kura ya maamuzi Agosti 4, 2010, ikaanza kutumika Agosti 27. Mtoto wa Kitale au Bungoma huikuta kwa mara ya kwanza mikononi mwa mwalimu wa Elimu ya Jamii, au wa Historia na Serikali. Je, mwalimu huyo aliandaliwa na nani?

Wanaojadiliana hapa ni wawili, nami nimewaunda kutokana na hoja zinazosikika stafurumu za pande zote mbili za mpaka wa Bungoma na Trans Nzoia. MZEE ni mkufunzi mstaafu wa Bungoma, anayeunga hoja mkono. MADAM anafundisha sekondari msingi (JSS) Kitale, naye anapinga.

Je, pengo lipo?

MZEE: Madam, mimi nilizunguka shule hizi enzi tukiitwa TAC tutor, kabla hawajatubadilisha jina kuwa CSO, afisa wa kusaidia mtaala. Ninayosema nimeyaona nikiwa nimekaa dawati la nyuma, andalio la somo la mwalimu mkononi. Mwalimu anaandika ubaoni "Majukumu ya serikali ya kaunti", anaorodhesha matano, watoto wananakili. Siku moja mtoto akainua mkono: "Mwalimu, darasa letu linavuja. Tumwambie MCA au mbunge?" Mwalimu akamjibu kwamba swali hilo halitokei kwenye mtihani. Hakuwa mkali, binti yangu. Hakujua.

MADAM: Wewe ungemjibu nini, Mzee?

MZEE: Ningemfungulia Jedwali la Nne. Chekechea ni ya kaunti. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Paa la PP2 likivuja, mlango wa kubisha ni wa kaunti. La gredi ya 7 likivuja, ni Wizara ya Elimu.

MADAM: Umejibu nusu. Ukuta wa darasa hilohilo umeandikwa kwa rangi "Mradi wa NG-CDF", na jina la mbunge chini yake. Mtoto anajua kusoma. Kwake mbunge ndiye aliyejenga. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria ya NG-CDF, mfuko wa maeneobunge, inakiuka Katiba, ikaipa hadi Juni 30, 2026. Miezi michache baadaye, mapema 2025, Msimamizi wa Bajeti akaziandikia kaunti zisitoe basari bila makubaliano na serikali ya kitaifa, maana elimu ya shule za msingi na sekondari si kazi yao. Magavana wakapiga kelele, na wazazi wakabaki na barua za karo mkononi. Hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kwenda na mbio hizo. Nakubali pengo lipo. Ninachokataa ni kulitwika jina la uzembe wa mwalimu.

MZEE: Mimi naliita deni. Wenzetu wa Hisabati na Sayansi walilipwa lao. Mwaka 1998 serikali ilishirikiana na Japani kuanzisha SMASSE. Walimu waliitwa likizoni, wakafundishana namna ya kufundisha, na kituo chao, CEMASTEA, kiko Karen mpaka leo. Mwalimu wa Historia alikuwa akiwasindikiza kwa macho tu. Na angalia ni miaka gani! Ni miaka ileile ambayo nchi ilizunguka na Tume ya Ghai ya kurekebisha katiba, ikapata rasimu ya Bomas mwaka 2004, ikaitupa rasimu ya Wako Novemba 2005, ikapitisha hii tuliyo nayo 2010. Mwalimu aliyehitimu 1995 alilala akifundisha katiba moja, akaamka anatakiwa kufundisha nyingine. Nani alimkalisha chini? Alijifundisha kwa redio na gazeti.

MADAM: Na sisi vijana? Sisi tuliikuta Katiba mpya tukiwa wanafunzi, lakini tuliisoma kwa namna ileile ya zamani. "Taja sifa tano za..." "Eleza sababu sita za..." Nilipata alama nzuri bila kuishika Katiba yenyewe mkononi. Nilishika nukuu za mwalimu, naye alishika za mwalimu wake.

MZEE: Basi unanisaidia kujenga hoja yangu. Tazama na mfumo mpya. Gredi ya 10 imeanza Januari 2026. Historia na Uraia ni somo la kuchagua, na lipo kwenye mkondo wa Sayansi za Jamii. Serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi waende mkondo wa STEM. Kijana atakayekuwa mhandisi, daktari au mtaalamu wa mbegu pale Kenya Seed, mwalimu wake wa mwisho wa kumkalisha na Katiba darasani huenda akawa wewe, wa gredi ya 9. Hapo utaniambia mafunzo yawe hiari?

Nani alipe?

MADAM: Hapo ndipo tunapoachana. Neno "lazima" likishatamkwa na TSC, hufuatwa na nambari ya kulipia. Shilingi 6,000 kwa mwaka si pesa nyingi kwa anayepanga bajeti Nairobi. Kwa mwalimu mwanagenzi wa JSS aliyeajiriwa kwa mkataba wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, ni karibu theluthi ya mshahara. Na huyo ndiye aliyepewa Elimu ya Jamii. Mara nyingi hata hakulisomea somo hilo chuoni. Alisomea Kiswahili na Dini, akakuta ratiba ina vipindi visivyo na mwenyewe.

MZEE: Daktari hulipia mafunzo yake. Wakili pia hulipia, la sivyo hapati leseni.

MADAM: Wakili akilipa, hupandisha ada kwa mteja. Mimi nimpandishie nani, mtoto wa gredi ya 8? Na kuhusu Katiba, Mzee, wanagenzi wana jambo la kukufundisha. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba kuwaajiri kwa mikataba ile kulikiuka haki zao. Mwezi uliofuata wakaacha chaki, wakaingia barabarani. Januari 2025 walimu 46,000 wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu. Kifungu cha 41, haki ya mfanyakazi kulipwa ipasavyo na kugoma, hawakukisoma kwenye moduli. Walikiishi. Mwajiri anayepelekwa kortini kwa kuvunja haki za mwalimu hawezi kesho kumtoza ada ili amfundishe haki.

MZEE: Umenibana. Haya, mwajiri alipe. Lakini tusisubiri Nairobi peke yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, Sehemu ya Kumi, inazipa kaunti jukumu la elimu ya uraia. Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, na ina chuo cha walimu palepale Kibabii. Kaunti ikigharamia nakala na usafiri, walimu wa zoni moja wakutane mara moja kila muhula, shida iko wapi?

MADAM: Shida ni fulana. Kaunti ikileta semina, fulana zitakuja na picha ya mtu. Atafika saa tano, ahutubie hadi saa saba, na mada itakuwa maendeleo aliyoleta. Walimu watapiga makofi, watakula, watatia sahihi ya posho. Jumatatu watarudi darasani na daftari tupu.

MZEE: Basi tuweke sharti: mwanasiasa asipewe jukwaa. Kaunti ilete karatasi na chai; mada zitoke kwa walimu wenyewe, na CSO aandike kilichoafikiwa.

MADAM: Na hizo mada ni zipi? Kama ni mtu wa kutusomea slaidi, afadhali nibaki nyumbani nipalilie mahindi.

MZEE: Nitakuambia ningeanzia wapi. Mwaka 2002 Tume ya Profesa Yash Pal Ghai ilipita kila eneobunge ikisikiliza wananchi. Huku kwetu ilikuwa Kimilili, Webuye, Kanduyi, Bumula, Sirisia na Mlima Elgon. Kwenu Kwanza, Saboti na Cherangany. Maoni yakaandikwa neno kwa neno, na kumbukumbu zipo. Sasa chukua kurasa tatu za eneobunge lako. Walimu kumi na watano wakae watatu watatu. Kila kundi lichague ombi moja la mwananchi, liwe la ardhi, la machifu au la karo, kisha lifungue Katiba ya 2010 na kutafuta kifungu kilichojibu ombi hilo. Kama hakipo, waandike "halikujibiwa". Asubuhi moja inatosha. Jumatatu somo hilohilo linaingia darasani, na mtoto anagundua kwamba Katiba ina sauti ya babu yake ndani, au ina mahali ambapo babu yake hakusikilizwa.

MADAM: Hilo ningelihudhuria hata bila posho.

MZEE: Na si Katiba ya 2010 pekee. Mkataba wa Lancaster House watoto huuona ni kitu cha London. Lakini uhuru ulipokuwa ukiandaliwa na nchi ikigawanywa majimbo, Kitale ilikuwa mfupa ndani ya chama cha KADU chenyewe: iende Magharibi na Waluhya, au ibaki Bonde la Ufa? Masinde Muliro alikuwa naibu wa Ronald Ngala katika chama hicho. Kitale ikabaki Bonde la Ufa, Bungoma ikawa Magharibi. Miaka karibu 30 baadaye Muliro huyohuyo akawa miongoni mwa waasisi sita wa FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichofanya Kenya nchi ya chama kimoja tangu 1982 kikafutwa. Nenda Kimilili umtaje Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa. Mwingereza alimweka kizuizini. Kenya ikiwa huru akafungwa tena. Kuna mfano gani bora wa kufundishia uhuru wa dini na dhamiri kuliko huo?

Mambo yanayochoma

MADAM: Mifano mizuri, Mzee, lakini yote ni ya watu waliokwisha kuzikwa. Nipeleke Cheptais. Tuseme niko na gredi ya 9, mada ni ardhi, Sura ya Tano. Mgogoro wa ardhi ya Chepyuk ulizaa kundi la wanamgambo la SLDF. Machi 2008 jeshi likaingia na operesheni ya Okoa Maisha. Darasani wamekaa watoto ambao jamaa zao waliumizwa na kundi hilo, na wengine ambao jamaa zao walichukuliwa na wanajeshi. Trans Nzoia nako kila ekari ina historia: mlowezi, shamba la ADC, skimu, skwota. Moduli gani ya TPD itaniambia nifanye nini mtoto akisema "Shamba letu wako nalo wao", akamwonyesha mwenzake kwa kidole?

MZEE: Hakuna. Na ndiyo sababu nataka walimu wakutane ana kwa ana. Jambo kama hilo halisomwi peke yako kwenye simu usiku. Mwalimu wa Cheptais akae na wa Endebess, aseme alivyofanya na kilichomtokea.

MADAM: Na Juni 2024? Vijana walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakausambaza kwa simu. Juni 25 Bunge likavamiwa, damu ikamwagika. Siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi. Darasani kwangu wakauliza: "Madam, kuandamana ni haki au ni kosa?" Nilimwangalia mwalimu mkuu kupitia dirisha kabla sijafungua mdomo.

MZEE: Ungewasomea Kifungu cha 37 chote. Kinampa kila mtu haki ya kukutana, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Halafu uyatenge maswali matatu ubaoni: Katiba inasema nini? Kilichotokea ni nini? Wewe unaonaje? La kwanza lina jibu. La pili lina ushahidi. La tatu ni lao, na mwalimu chama chake anakiacha langoni.

MADAM: Nani atanilinda nikifanya hivyo, na mzazi mmoja akaenda kwa chifu kusema nachochea watoto?

MZEE: Silabasi ya KICD ikulinde.

MADAM: Silabasi haijibu simu, Mzee. Nataka karatasi yenye muhuri wa TSC inayosema: mwalimu aliyefundisha kifungu cha Katiba kwa njia hii hakukosa. Mafunzo yasiyoniachia karatasi hiyo yataniongezea maarifa na woga kwa kipimo kilekile.

Kiboko langoni

MADAM: Na kuna jambo ambalo wewe mwenyewe sijakusikia ukiligusa. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni 2001. Kifungu cha 29 kikaja kukataza adhabu ya kikatili, cha 53 kikamlinda mtoto, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya kuwa kosa. Lakini mwalimu anaingia kufundisha Haki za Mtoto na ufito wa mpera kwapani. Watoto watajifunza lipi, lililo ubaoni au lililo kwapani?

MZEE: Hapo usiniburute. Darasa la watoto themanini, wengine wamekuzidi urefu, mwalimu mmoja. Hao walioandika sheria hawajawahi kusimama mbele ya darasa hilo. Nidhamu itatoka wapi?

MADAM: Swali hilo ndilo la kupeleka kwenye mafunzo! Unataka mwalimu ajue Jedwali la Nne kwa moyo, lakini Kifungu cha 29 akisome kwa sauti ya chini. Mganga hajigangi, sawa, lakini angalau asiuze dawa anayoikataa. Nionyeshwe namna ya kulishika darasa la themanini bila ufito, nionyeshwe na mtu anayelishika. Pia uchaguzi wa baraza la wanafunzi: watoto wanapiga kura Ijumaa, na Jumatatu kwenye paredi yanasomwa majina ambayo ofisi iliyapenda. Baada ya hapo unawafundisha tume huru ya uchaguzi?

MZEE: La uchaguzi sina ubishi, huo ni wizi na tuuite hivyo. La kiboko nakubali kwa shingo upande: mbinu mbadala zifundishwe kwanza, halafu mwalimu alaumiwe.

MADAM: Sheria imesubiri tangu 2001, Mzee. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa naye ni mwalimu.

Uamuzi wa mwandishi

Wawili hawa hawakupatana kuhusu kiboko, wala sidhani watapatana karibuni. Katika mengine wamekaribiana kuliko walivyoanza, na nikipima hoja zao naona Mzee ameshinda kuhusu haja ya mafunzo, Madam ameshinda kuhusu masharti yake.

Mafunzo yawe wajibu. Nchi iliyobadilisha katiba yake haiwezi kumwachia redio kazi ya kumwandaa mwalimu, hasa sasa ambapo wanafunzi wengi watakuwa na mwalimu wao wa mwisho wa somo hili katika gredi ya 9. Lakini ada isitoke kwa mwalimu. TSC inapomlazimisha, TSC imgharamie. Kaunti nazo zitimize sehemu yao chini ya sheria ya 2012, bila fulana na bila hotuba. Mafunzo yafanyike karibu, ndani ya zoni, mara moja kwa muhula, walimu wenyewe wakiongoza. Mezani viwepo vitu vitatu: nakala ya Katiba kwa Kiswahili kwa kila mwalimu, kumbukumbu za Tume ya Ghai za eneobunge husika, na hesabu za shule yenyewe zilizo wazi, kwa sababu Kifungu cha 35 kinachompa raia haki ya habari hakiishii kwenye geti la shule. Na mwalimu atoke pale na mwongozo ulioandikwa, wenye muhuri, wa kufundisha mambo yanayochoma.

Kifungu cha 3 kinamtaka kila mtu aiheshimu, aitii na kuilinda Katiba. Wajibu huo ni wa mzazi pia. Basi wewe uliye na mtoto shuleni Kiminini, Kwanza, Chwele au Webuye, mkutano ujao wa wazazi ukiitwa, ukimaliza kuuliza kuhusu karo na chakula, uliza na hili: mwalimu wa Elimu ya Jamii wa shule hii amepata mafunzo gani kuhusu Katiba tangu mwaka 2010, na ni nani aliyeyalipia? Jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.